Kikapu cha Katikati

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe ameondoka asubuhi kwenda kufanyiwa upasuaji wa goti. Duka la miwani katuachia sisi watatu: mke wangu kwenye mashine ya kukata lenzi, kaka yake, yaani shemeji, kwenye mauzo, mimi kwenye fremu. Akirudi atatangaza msimamizi. Hakusema atatupimaje. Mimi najua. Kitu cha kwanza atakachotazama akiingia ni tangi la samaki, pale wateja wanaposubiri. Dogo tu, la maji ya chumvi: samaki wawili wa rangi ya chungwa na tumbawe la waridi aliloachiwa na marehemu mama mkwe. Hulisalimia tumbawe kabla ya kutusalimia sisi. Mpango: tangi ling'ae, nami ning'ae nalo. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekabidhiwa tangi, kasema nisiliguse. Nimeitikia vizuri kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Maji yana umanjano kidogo. Nimekwenda kwa mama anayeuza samaki wa mapambo. Kanieleza kuwa chujio letu lina vikapu vitatu. Cha juu kina sifongo, inayokamata takataka. Cha chini kina vipande vya kauri, ambamo wanaishi vijidudu wanaokula sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Cha katikati ni hiari ya mwenye tangi. Kwa umanjano, alisema, tia mkaa maalumu, kiasi cha kiganja. Nilianza kusikiliza kwa makini alipofika kwenye mkaa. Nimenunua mfuko mkubwa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Nimefungua chujio, kikapu cha katikati kimejaa pomoni. Punje nyekundu kama kutu. Shemeji! Kumbe naye ana mpango wake. Anadai punje hizo zinanyonya chakula cha mwani, kwa hiyo kioo hakitaota ukijani. Nikamwambia umanjano ndio unaoonekana kwanza. Akasema labda kwa mtu anayehitaji miwani. Mteja mmoja akacheka. Nimemfungia fremu yake bila kutabasamu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa. Kikapu cha chini! Vile vipande vya kauri vimejaa ute wa kahawia, aibu tupu kwa duka linalouza vioo safi. Nimevitoa vyote, nikajaza mkaa mpaka ukingoni. Vipande nimeviloweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo, nisije nikaambiwa nimetupa mali ya watu. Kufikia jioni maji yalikuwa kama hayapo. Mteja aliuliza samaki wanaelea kwenye nini. Shemeji kanuna. Nimelala usingizi wa mtu mwenye duka.

Jumamosi, 8 Machi
Samaki wanahema juu juu, midomo nje. Tumbawe limejikunja, limekuwa dogo kama ngumi ya mtoto. Nilimwambia mke wangu huenda limelala. Alipima maji, akakuta sumu imepanda. Akauliza nani kagusa chujio. Nilizungumzia punje za shemeji kwa ujumla. Shemeji akanizungumzia mimi, tena kwa kunionyesha kidole. Ikabidi nikimbilie stoo kuleta vile vipande vya kauri. Vyeupe pe! Nilidhani vitanitetea.

Mke wangu akavitazama kama anayetazama maiti.

“Wale wadudu walikuwa wanaishi humu,” akasema. “Umewaua wote, mume wangu.”

Alivyolitamka hilo “mume wangu”, hata shemeji aliona ni vyema aende kupanga kabati.

Tumefunga duka mapema. Yeye alikoroga maji mapya ya chumvi, sisi wanaume wawili tukabeba ndoo bila kutazamana. Kisha akaenda mwenyewe kwa yule mama, akarudi na kauri chafu kutoka tangi la dukani kwake, zimejaa wadudu wazima, zimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Kaziingiza kikapu cha chini kwa mikono miwili. Mkaa wangu kauacha kiganja kimoja, katikati. Punje za shemeji zote nje. Ushindi, ukiangalia vizuri. Sikuusema.

Jumatatu, 10 Machi
Baba mkwe karudi kabla ya siku aliyotuambia, na magongo yake mawili. Samaki wazima. Tumbawe limefunguka nusu tu. Akavuta kiti, akaketi mbele yake. Shemeji alianza kuulaumu umeme. Mzee akainua mkono.

“Mama yenu naye akikasirika alikuwa anajifunga hivihivi,” akasema. “Sikumlazimisha. Nilikaa nikasubiri.”

Akamuuliza mke wangu kulikoni. Naye akamweleza yote, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma.

Msimamizi ni yeye, mzee akatangaza. Shemeji na mimi tulipiga makofi, kila mmoja akijaribu kumshinda mwenzake. Halafu mzee akaniita nikae naye pale kwenye tangi. “Kaa tu,” akasema, “usishike kitu.” Nikakaa mpaka muda wa kufunga. Sikujua niiweke wapi mikono.

Jumatano, 12 Machi
Tumbawe limefunguka lote. Mzee kalisalimia, kisha katusalimia sisi. Nimetafakari sana na nimeliona kosa letu: tulishindana badala ya kushirikiana. Nimemweleza shemeji, naye kakubali mara moja. Tumepeana mikono. Kwa bahati nzuri, kiyoyozi cha dukani nacho kina chujio, tena la zamani, na mkaa umebaki karibu mfuko mzima. Msimamizi katoka, yuko benki. Shemeji anashika ngazi.