Kiongozi Mtarajiwa wa Kikosi cha Kemikali

Jumatatu, 9 Juni

Habari kubwa! Kampuni yetu ya uokoaji hapa Westlands inaanzisha kikosi cha kemikali. Watu sita, kiongozi mmoja. Bwana Mwangangi, mkubwa wetu, ametangaza kwamba atatuangalia wiki nzima na Ijumaa atamtaja kiongozi.

Kiongozi ni mimi. Hilo halina mjadala. Miaka kumi na moja nimebeba machela na mipira ya maji. Saa saba mchana nikampigia baba mkwe kule Kimilili nikamwambia nimeshapewa. Nilitaka kusema nimekaribia kupewa, ulimi ukateleza. Mzee amefurahi mno. Jumapili atatangaza kanisani. Kwa hiyo sasa ni lazima.

Mafunzo yameanza papo hapo. Magari na mapipa ya kemikali hubandikwa alama yenye umbo la almasi. Rangi yake inakuonyesha aina ya hatari, na namba ya tarakimu nne inakupa jina la kitu chenyewe. Unasoma ukiwa mbali. Husogei, hugusi, hunusi. Unasimama upande upepo unakotoka. Na ukitaka kujua kama uko mbali vya kutosha, nyoosha mkono, inua kidole gumba, funga jicho moja. Kidole kikifunika tukio zima, uko salama. Kisipofunika, rudi nyuma.

Mpinzani wangu ni Kasyoka. Ana miaka miwili tu kazini. Ameandika kila neno, nadhani hata Mwangangi alipokohoa. Mimi sikuandika kitu. Kiongozi huweka mambo kichwani.

Jumanne, 10 Juni

Mpango: kukariri namba zote kabla ya Ijumaa. Petroli 1203. Klorini 1017. Amonia 1005. Nimezisema nikioga, nikipiga pasi, nikingoja chai. Kwa ajili ya mazoezi nikachora alama kwenye karatasi nikazibandika jikoni kwetu, hapa Jamhuri. Fuvu la kichwa kwenye sukari. Moto kwenye unga.

Nakhumicha, mke wangu, hakupendezwa. Joyline wetu alikataa uji, akasema una sumu. Kisha Nakhumicha akaniuliza swali la ajabu. "Sasa Baba Joyline, utajuaje ya ndani kwa kusoma ya nje? Hii ndoo imeandikwa rangi na iko na mahindi. Hiyo chupa ya soda ni sabuni ya vyombo. Kuna mtu hutupa chombo hii Nairobi?"

Nikamweleza kwamba sayansi haiko hivyo, alama ni alama. Akabandua fuvu, akatia sukari vijiko viwili, akanywa chai yake akiniangalia.

Jumatano, 11 Juni

Bahati gani hii! Nikienda kazini, Ngong Road, karibu na uwanja wa maonyesho: lori limeegeshwa kando ya barabara. Halina dereva. Nyuma lina kibao cha rangi ya chungwa, 1005. Amonia! Na Kasyoka hayupo!

Nikachukua hatua. Nikasimama katikati ya barabara nikafunga pande zote mbili kwa mikono yangu. Nikawafukuza wauza miche na vyungu vyao. Nikapiga simu kazini: amonia, hatari ni mita mia moja kila upande, leteni watu! Foleni ikarudi nyuma hadi sikuona mwisho wake. Nilitukanwa kwa lugha sita. Nilijisikia vizuri kuliko siku ya harusi yangu.

Dereva akatoka kibandani, chapati mkononi. Akasema, "Mzee, hizo ni kabeji."

Alinunua lori kuukuu Mombasa, kibao kikiwa hapo hapo. Hajakitoa kwa sababu kimeziba shimo. "Nikiitoa, mzigo yote inamwagika kwa barabara." Akafunua turubai. Kabeji. Kabeji tupu!

Kasyoka alikuwa ameshafika na gari letu, amesimama mbali na darubini. Alisema kwa upole kwamba aliona majani yakichungulia chini ya turubai. Upole huo ndio unaoniudhi.

Mwangangi hakunigombeza sana. Amesema kuamini kibao si kosa, kosa ni kuamini kibao peke yake. Tazama umbo la chombo. Tazama nyasi kama zimekauka, watu kama wanakohoa, kisha uliza walioko. Lakini kasi yangu ameipenda. Ameipenda! Bado nimo. Kasyoka akaandika hotuba yote. Mimi nimechukua funzo moja fupi: alama ni uongo.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwa shida. Kifua kinawaka.

Tuliitwa Karen, nyumba kubwa yenye bwawa la kuogelea. Mama mwenye nyumba alipiga simu akasema kuna moshi na harufu kali kwenye chumba cha pampu. Tulifika pamoja, mimi na Kasyoka. Akina mama wa chama chake cha kuweka akiba walikuwa bustanini wakinywa chai. Isaiah, fundi wa bwawa, alikuwa ameketi kwenye nyasi akikohoa, machozi yakimtoka.

Kasyoka akawahamisha akina mama hadi upande upepo unakotoka, kisha akamsogeza Isaiah huko na kuanza kuzungumza naye. Kuzungumza! Katikati ya dharura! Mimi nikanyoosha mkono kupima. Kidole changu gumba ni kikubwa, marehemu mama aliniambia tangu utotoni. Kinafunika chumba kizima cha pampu hata nikiwa hatua kumi na tano, mradi nikisogeze karibu na jicho kidogo. Kanuni ni kanuni. Nikasonga mbele.

Mlangoni kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza, pipa la plastiki lenye alama ya manjano, mwali wa moto na namba 1748. Nikacheka. Mnitafutie mjinga mwingine, mimi nimeshaona kabeji! Cha pili, mtungi wa njano wa lita ishirini ulioandikwa mafuta ya kupikia. Hiyo haikuwa alama, yalikuwa maandishi tu, na mafuta hayana madhara. Lakini mtu makini huhakikisha. Nikainama, nikafungua kifuniko, nikanusa.

Hayakuwa mafuta ya kupikia.

Ilikuwa asidi. Isaiah huinunua Industrial Area na kuibeba kwa mtungi wowote atakaopata. Asubuhi aliimimina kwenye ndoo yenye klorini ya unga kutoka kwa lile pipa, ambalo kumbe lilisema kweli. Ndoo ilikuwa ndani, hatua mbili kutoka puani mwangu, ikitoa moshi wa kijani. Kasyoka alishaambiwa haya yote na Isaiah kwa maswali matatu. Alikuwa akipiga kelele, "Zadock, rudi!" Nilidhani ni wivu.

Nikaanguka pale pale mlangoni. Kasyoka alivaa barakoa na mtungi wa hewa, akaniburuta kwa kola hadi kwenye nyasi. Halafu ikaja kanuni nyingine: nguo zilizopata kemikali huvuliwa na mtu huoshwa. Nimevuliwa zote isipokuwa moja. Nimemwagiwa maji ya mpira dakika kumi na tano, baridi hii ya Juni, mbele ya akina mama kumi na wawili. Mmoja alikuwa bado ameshika kikombe chake.

Hospitalini daktari amesema ningevuta pumzi chache zaidi, Nakhumicha angekuwa mjane. Nakhumicha alikuwa hapo, akasikia. Alinishika mkono hadi ukauma. Niliogopa, nasema ukweli. Niliogopa sana.

Lakini wa kwanza kutambua nilikuwa mimi! Nikiburutwa nilisema "klorini" kwa sauti, na namba yake nikaitaja.

Ijumaa, 13 Juni

Kiongozi ni Kasyoka.

Wote walipiga makofi. Mimi nilipiga paja, mkono mmoja ulikuwa na plasta ya sindano. Mwangangi akaniita pembeni. Amesema ana kazi yangu maalum: kuwa majeruhi wa mazoezi. Nitalala chini, nitakohoa, nitaoshwa, na wenzangu watajifunza. "Wewe hii kazi unaijua kutoka ndani, Zadock." Nimeguswa, sikatai.

Nimempigia baba mkwe. Nimemwambia uongozi nimewaachia vijana na kwamba nimepewa nafasi ambayo bila yake kikosi hakianzi mazoezi. Amesema hiyo pia ataitangaza. Nilipokata simu nililia kidogo chooni, kisha nikanawa uso.

Kasyoka alikuja kunipa pole. Ameniletea nakala ya maandishi yake yote ya wiki hii, kurasa arobaini, zimebanwa vizuri. Sijazifungua. Asije akasema nimemwiga.

Jumapili, 15 Juni

Mwandiko huu ni wa Nakhumicha. Mimi natamka. Macho yangu yamefungwa bandeji, daktari amesema siku tatu.

Baada ya ibada, jirani yetu Philister alinisimamisha. Amechukua saluni ya mtu aliyehama, na kabatini amekuta chupa tano za soda zenye vitu vya majimaji asivyovijua. Akauliza kama aite kikosi. Nikamwambia Kasyoka naye ni binadamu, tumwache apumzike Jumapili. Nikaenda naye saluni, nikazipanga chupa mezani kwa mstari. Nikanusa moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, bila haraka. Nilitambua nne! Nne kati ya tano! Asilimia themanini!

Nakhumicha anauliza kama aandike pia habari ya chupa ya tano. Si lazima. Ya tano ametambua Kasyoka, alipofika na gari. Amesema pia kwamba zile nne zote zilikuwa maji. Lakini ndivyo nilivyosema mimi!

Kalamu imesimama. Nasikia Nakhumicha anavuta kamasi. Nimemwambia, Mama Joyline, usilie, mwezi ujao kikosi kinatafuta naibu kiongozi na fomu iko kwenye mfuko wa koti. Ameitoa. Ameanza kunijazia, mke mwema kabisa. Jina tumeandika. Miaka ya kazi tumeandika. Sasa ameuliza, penye vifaa ninavyotumia kutambua kemikali, aandike nini.

Nimemwambia aandike: pua.