Mama wa Kuvu

Profesa Mdomo alikuwa kwa kinyozi akisubiri zamu, goti lake la kushoto limevimba kama boga, ndipo televisheni ikasema neno tamu. Watafiti wamechunguza kuvu zinazoishi baharini, ikasema, na ndani yake wamepata viambata vinavyotuliza uvimbe. Mtangazaji akaongeza kwamba bado wanajaribu kwa panya, lakini kinyozi alikuwa ameshahamishia televisheni kwenye mpira. Profesa hakuhitaji zaidi. Hata uprofesa wake aliupata hivyo hivyo, kwa kusikia nusu.

Nyumbani alitumbukiza mkate kwenye mtungi wa maji yenye chumvi, akauacha juu ya kabati mpaka ukaota manyoya ya kijani.

"Nini hiyo, shemeji?" aliuliza mdogo wa mkewe, dereva aliyefukuzwa kazi, ambaye siku hizi alikuwa akilala sebuleni kwao.

"Hilo ni gari letu. Goti hili limechoka kutembeza maneno kwa miguu. Wewe kazi yako ni kuchechemea."

Windo lilikuwa Bosi Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu aliyepima misumari kwa mizani kisha akapunguza mmoja. Shemeji aliingia dukani kwake na gongo la kutembelea, akilia kila hatua. Profesa, aliyefuata na mtungi kwapani, akamnywesha kijiko. Shemeji akakunja uso (hapo hakuigiza), akatupa gongo, akaruka mifuko ya saruji.

"Niuzie mtungi mzima!" Bosi alisema.

"Mtungi hauuzwi, bosi wangu. Huyu ni mama wa kuvu, anazaa mwenyewe. Mwenye mama ndiye mwenye dawa ya mji mzima."

Bosi alimeza mate.

"Chukua pikapu yangu ile, niachie mama. Ila kuanzia leo, hata tone likitoka, nimelitoa mimi."

"Haki yako kabisa!"

Profesa alipanda pikapu kwa heshima zote, shemeji kando yake, akakanyaga klachi, na goti likamjibu. Machozi yalimtoka. Mpango ulikuwa na kila kitu isipokuwa mguu wa kushoto.

"Shemeji, endesha wewe," alinong'ona, akashuka ili azungukie upande wa pili.

Alikuwa bado yuko nyuma, ameshikilia bodi, gari lilipoondoka.

"Simama, wewe!" Alijaribu kukimbia, akaangukia saruji.

Mkono ulitoka dirishani ukipunga. "Nisalimie dada!"

Bosi alitoka mbio, amekumbatia mtungi, uso umejaa furaha. "Umeona mguu ule? Ulikuwa haukanyagi chini, sasa unakanyaga mafuta!" Kisha akaliona goti. Furaha ikapungua. "Profesa. Kumbe na wewe unaumwa? Na dawa ulikuwa nayo?"

Wapakiaji wa saruji, watu wenye mabega, walisogea kusikiliza.

"Nilikuwa... nawatanguliza wagonjwa, bosi."

"Moyo mzuri huo. Lakini mama sasa ni wangu, kwa hiyo utanunua. Vua saa. Na viatu."

Profesa alivua. Angefanyaje? Kukataa dawa ilikuwa ni kukiri. Bosi hakuchukua kijiko, alichukua kikombe cha chai, akakijaza mpaka juu, manyoya na vyote.

"Maliza. Halafu uruke kama yule kijana, wateja wakuone."

Alimaliza. Wateja walikuwa wameshapanga foleni, vikombe mkononi. Basi Profesa Mdomo, peku, alishika goti lake na akaruka.