Nyumba ya Bi Mariamo, Karibu Iwe Yangu

Jumanne, 1 Februari 1972. Palma.

Nimepata nyumba! Yaani karibu nimepata. Ya marehemu Abibo, vyumba viwili na ua. Mjane wake, Bi Mariamo, anauza. Nilisimama nje ya dirisha, tukapatana bei. Limebaki jambo dogo tu. Jerónimo, karani wa ofisi ya serikali, anataka mwuzaji afike mwenyewe kutia dole gumba. Bi Mariamo yumo edani, hatoki nje. Bado siku kumi na moja!

Awa mke wangu yuko kwa mama yake, mwezi wa pili huu. Tangu askari wa Kireno watuhamishe kijijini na kutusonga hapa, tulikuwa tunalala kwa shemeji, watu tisa chumba kimoja. Alisema harudi mpaka aone mlango wetu wenyewe. Nimempelekea habari ajitayarishe.

Jumatano, 2 Februari.

Nimemwendea mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza kama eda hupunguzwa kwa dharura. Akauliza dharura gani. Nikasema mimi. Akanitazama weee, akarudi kwenye kitabu chake. Lakini sikutoka patupu. Nilikuwa nahesabu kwa kalenda ya serikali, kumbe eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani. Nimeokoa siku mbili!

Mbio kwa Jerónimo. Nikamshauri abebe wino wake, akamfuate mjane mlangoni. Jerónimo ni Mmakonde wa bara, Mkristo, hana haraka na mtu. Akajibu kwamba hata akienda, karatasi ya selo, ile yenye muhuri wa serikali ya kuandikia mauzo, imekwisha, mpaka msafara wa jeshi utoke Mocímboa. Lini? Akashusha sauti, akasema niwaulize waliotega mabomu barabarani.

Ijumaa, 4 Februari.

Balaa! Tuaibo, fundi cherehani, naye anaitaka. Baada ya sala nimemkuta anapima kuta kwa utepe wake wa kushonea. Mshenzi. Akadai anatazama tu, tena paa linavuja mno, juzi Bi Mariamo kahamisha kitanda mara tatu.

Hapo nikapata akili. Mtu akikuona juu ya paa, atajua nyumba ni yako. Nimeshaagiza makuti.

Jumapili, 6 Februari.

Upande mmoja tayari. Mgongo umechubuka kwa jua. Tuaibo kapita mara mbili, nami nikazidisha kelele asikie. Helikopta zikapita kuelekea Rovuma, nikajibana juu ya makuti kama mjusi. Bi Mariamo kanishukuru kutoka ndani. Nikamwambia asijali, nafanya kama kwangu.

Jumanne, 8 Februari.

Msafara hakuna. Kukaa bure siwezi, mikono inaniwasha. Nimekandika ukuta, nimebadili bawaba za mlango, nimechimba choo kipya. Na Awa amekuja! Akausukuma mlango, ukafungika bila kulia. Akacheka. Sijamwona akicheka tangu tuhamishwe. Akaingia kumsalimu Bi Mariamo, wakapiga soga hadi alasiri, mimi juu namalizia upande wa pili. Roho yangu ilitulia, kwa saa moja hivi.

Alhamisi, 10 Februari.

Eda imekwisha! Karatasi bado. Nimeshinda barabarani natazama vumbi. Askari kanifukuza mara mbili, nikarudi mara tatu.

Jumamosi, 12 Februari.

Msafara! Lori halijazimwa, nimeshamshika Jerónimo mkono. Tukafika na karatasi, wino na kalamu. Bi Mariamo akatukaribisha vizuri, akatupa chai. Kisha akasema:

"Mwanangu Ussumane, mimi nilikuwa nauza kwa sababu inavuja."

Akatazama juu, nami nikatazama juu. Hakuna hata tundu moja! Jerónimo akafunga kichupa cha wino, akaomba chai nyingine.

Nimekasirika hadi machozi. Na si hilo tu. Bi Mariamo anaona nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, kamwomba Awa akae naye. Awa kakubali, mkeka wake umeshafika. Nikauliza, na mimi je? Awa akanijibu kwa upole kwamba mwanamume wa nje si halali kulala humo, nirudi kwa shemeji, atakuwa ananiletea chakula. Nilimwambia kwamba mimi ni mumewe. Akasema ndiyo, anajua, ila nyumba si yake.

Jumatatu, 14 Februari.

Tuaibo kanijia. Nilidhani kaja kunicheka. Kumbe mtu mwema, nilimwonea bure! Anauza nyumba yake, na katika Palma nzima mnunuzi anayemtaka ni mimi. Inavuja kidogo. Kuta zimelegea, choo kimejaa. Nikakimbia kwa Jerónimo: karatasi ya selo imekwisha tena, wakubwa wamechukua zote, mpaka msafara ujao.

Haidhuru. Safari hii sikai kungoja mikono mitupu. Tuaibo mwenyewe kaniazima ngazi, hata sikumwomba. Kesho alfajiri naanza na paa.