Kamongo wa Kuwapokea Wakwe

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Mimi najua kuandika barua tu. Masista wa Uvira walitufundisha barua, kisha vita ikaja, masomo yakaishia hapo. Kwa hiyo hata kitabu hiki cha siri nakianza kwa salamu. Kuingia bila hodi siwezi.

Salamu kwako karatasi. Salamu kwa mume wangu Valère, fundi wa gereji Kisenyi, mzima, ananuka grisi. Salamu kwa binti yangu Benedicte, mzima, siku hizi anaitabasamia simu. Salamu kwa Bienfait, kitinda mimba, yuko shule ya bweni, Mungu amwepushe na malaria na marafiki. Salamu hata kwa Akeyo, jirani yetu Mluo wa Homa Bay, anayekaanga samaki hapa Kabalagala tulikokimbilia. Huyo namsalimu kwa sababu ya dini. Ukiuliza hali yangu, mimi si mzima sana. Moyo unakwenda mbio.

Sababu ni hii. Jumapili wakwe wanakuja. Mubiru, kijana Muganda wa Lubaga anayemtaka Benedicte, analeta baba yake na shangazi yake, yule wanayemwita ssenga. Wanakuja kututazama. Wakiridhika, posa itaendelea. Wakisema hawa ni wakimbizi tu, watu wa chumba kimoja na pazia, basi, imekwisha, na mtoto wangu atalia. Na Mubiru ni kijana mzuri. Kila akija huniuliza nimelalaje, na anangoja jibu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa ndoano kule Kalundu maisha yake yote. Alisema mkwe hapikiwi kitu cha dukani. Mpikie kile ambacho kwao wanajulikana nacho, tena ukitafute kwa mkono wako. Watu wa Valère, kwao Baraka, sifa yao ni mgebuka. Siku walipokuja kuniposa, baba aliingia ziwani mwenyewe akawavulia mgebuka. Mpaka leo wanausimulia.

Sasa Mubiru aliniambia ukoo wao una jina la samaki wa ziwa. Yule mrefu kama mkono wa mtu, anayetoa pua juu ya maji kuvuta hewa. Akeyo humwita kamongo. Nilifurahi. Kumbe ni watu wa samaki kama sisi!

Nitawavulia kamongo. Sijamwambia mtu.

Jumanne, tarehe 11

Vifaa.

Ndoano nimenunua Ggaba, kubwa, ya kutisha kidogo. Mshipi wa nailoni, mnene. Lakini kamongo ana meno ya kusaga, nailoni kwake ni tambi, kwa hiyo karibu na ndoano nimefunga waya wa breki ya baiskeli, kama baba alivyofanya. Mwanzi nimepata kwa wajenzi. Chubwi la kuzamisha mshipi ni plagi ya gari iliyokufa, kutoka mfuko wa Valère. Kielea nimekata kwenye kandambili.

Kandambili ilikuwa ya Valère. Aliitafuta jioni nzima. Nikamsaidia kutafuta.

Nyungunyungu wa chambo wako ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati. Namwomba Mungu wasichanganywe na maziwa.

Jumatano, tarehe 12

Nimefika kwenye mafunjo ya Ggaba mapema, nikidhani niko peke yangu na Mungu. Akeyo alikuwa amekaa pale kwenye jiwe zuri. Ana ufito wa kisasa wenye kigurudumu, binamu yake alimletea kutoka Kisumu. Aliutazama mwanzi wangu akauliza kama nimekuja kuvua au kuanika nguo.

Nikamjibu kwamba watu wa Tanganyika tulianza kuvua kabla ya ziwa lake kupata jina. Akasema watu wa Tanganyika wanajua kuwasha taa tu na kuchota ndagala, vidagaa vile, kama mchanga. Kuhusu wajomba zangu ni kweli.

Halafu tukabishana juu ya kuvuta. Akeyo anavuta samaki akigusa tu. Kosa kubwa. Baba alinifundisha kwa Salamu Maria. Samaki akigusa, unaanza kusali moyoni, na kila samaki ana neno lake. Sangara unamvuta kwenye "umejaa neema", maana ana pupa. Kambale unamngoja mpaka "mzao wa tumbo lako". Kamongo, huyo anatafuna, anatema, anatafuna tena, kama mzee asiye na haraka. Kwake unasali mpaka Amina. Akeyo ni Msabato. Alisema samaki wa Homa Bay hawana muda wa rozari.

Nikarusha mshipi kwa nguvu ili aone. Nilipotazama, ndoano yangu ilikuwa imechukua kitambaa chake cha kichwa, kinaelea karibu na mitumbwi. Nimekirudisha. Kilikuwa na magugu. Hatukuagana.

Alhamisi, tarehe 13

Akeyo hakuja. Nikakaa kwenye jiwe zuri.

Askari wa doria ya ziwa akanisimamia mgongoni na bunduki yake. Nikaona wananichukua, wakwe wanafika Jumapili, wanaambiwa mama yuko ndani. Akauliza kwa Kiswahili chao kile cha kambini, mama wewe nasema nini peke yako? Nikasema nasali, afande, mpaka Amina, ndipo navuta. Akacheka mpaka kofia ikasogea. Kumbe naye ni Mkatoliki. Akachuchumaa kando yangu. Kielea kikazama, tukasali pamoja kwa sauti, na tulipofika kwa wakosefu samaki akaondoka na chambo. Askari alisikitika kuliko mimi. Akaniambia nisivute samaki wachanga, na kwamba kamongo wanapenda kule kwenye tope, nyuma ya mafunjo.

Nimepumua. Mtu wa bunduki akikuonyesha samaki, hiyo ni baraka.

Ijumaa, tarehe 14

Kule kwenye tope nimepata kiatu kimoja na baridi kwenye goti.

Jioni Akeyo kaja mlangoni kuazima kisu chetu kikali, apare samaki kabla jua halijazama, maana Sabato yake inaanza. Nikampa ili tupatane. Akakaa kidogo. Akaniambia, Mama Benedicte, nasikia kule ziwani unaulizia kamongo, hebu waulize kwanza wenyewe, Waganda wana mambo yao. Nikajua wivu umeanza. Amesikia wakwe wanakuja, anataka niwanunue wale samaki wake wa kukaanga. Nikamshukuru kwa meno tu.

Usiku sikupata usingizi mzuri. Benedicte amenunua pazia jipya. Alilipiga pasi mara nyingi, maskini. Akaniuliza kama watampenda. Nikasema nani atakataa. Nikageukia ukutani.

Jumamosi, tarehe 15

Msabato yuko kanisani. Ziwa lote ni langu.

Nilitupa ndoano nyuma ya mafunjo. Mvua nyepesi, maji kama chai ya maziwa. Kielea kikatikisika. Sikushtuka. Nikaanza Salamu Maria polepole, nikamsikia anatafuna, mshipi unaniambia kidoleni, ta, ta, kimya, ta. Baba aliniwekea mshipi kidoleni hivyohivyo nikiwa mdogo, akasema sikia, huyu bado anafikiri. Nilipofika saa ya kufa kwetu, mwanzi ukapinda. Nikasema Amina, nikavuta.

Ndugu karatasi, nilidhani nimeshika shina la mti. Mwanzi ukavunjika. Nikazungusha mshipi kiunoni nikarudi nyuma kwenye tope kama ng'ombe wa jembe, naanguka, nainuka. Akatoka. Mrefu, mnene, madoa, vijipezi kama kamba za viatu. Akanitazama. Akavuta hewa kama mtu aliyepanda ngazi.

Boda alikataa kunibeba mpaka nilipomfunga samaki kwenye gunia na kulilaza mapajani. Gunia lilikuwa linapumua njia nzima. Dereva alikuwa anasali pia, kwa dini yake.

Nimemweka kwenye beseni la kufulia, na maji, juu nimefunika ubao na jiwe. Baba alisema kamongo anakaa hai siku nyingi. Nitamchinja asubuhi awe mbichi. Valère aliuliza ndani ya beseni kuna nini. Nikasema heshima.

Jumapili, tarehe 16

Niandike yote kabla sijalala.

Baada ya misa ya kwanza nikatafuta kisu. Kisu kiko kwa Akeyo. Nikaenda. Akasema haoni haraka ya nini, nikitaka kisu nimwambie cha kukata nini. Nikasema mambo ya nyumba yangu. Akasema basi na kisu kiko kwenye mambo ya nyumba yake. Tukasimama hivyo mlangoni, yeye ameweka mikono kiunoni, mimi pia, mpaka kichwa cha Benedicte kikatokea, anasema mama, Mubiru amepiga simu, wameshavuka Nsambya.

Nikashindwa. Nikamvuta Akeyo mpaka kwenye beseni, nikafunua, nikasema huyu ndiye samaki wa jina la ukoo wa wakwe.

Akeyo akakaa chini. Yaani alikaa chini kabisa, na gauni lake. Akasema, Mama Benedicte, unataka kuwapikia ndugu yao? Nikasema ndugu gani. Akasema watu wa ukoo ule hawamli samaki yule. Hawamgusi. Kwao yule ni mtu wa nyumbani, na wewe unamtafutia kisu na vitunguu. Akasema nilikwambia uulize. Akalisema tena, kwa uzuri.

Nikasikia gari nje.

Karatasi, sijui kuogelea kwenye hofu ya namna ile. Jiko halina kitoweo. Nilikuwa nimepika ndizi na mchuzi unaongoja samaki. Nikamshika Akeyo miguu. Nikamwita dada. Akaniangalia kwa muda aliotaka yeye, halafu akasema samaki wake wa kuuza jioni, ngege, wako tayari, wazuri, atapitia mlango wa nyuma. Akaongeza kwamba ni ngege waliovutwa bila rozari.

Wageni wakaingia. Baba Mubiru mzee wa kanzu na koti, mpole. Ssenga mnene, macho yanaona kila kitu. Tukapiga magoti, tukasalimiana ile salamu yao ndefu, mm, mm, mm, mpaka tukachoka. Beseni nimelisukuma chini ya meza, nimelifunika kwa kitenge changu cha Pasaka. Benedicte akaketi kwenye mkeka, mzuri kama picha. Valère akaanza sala ya chakula.

Na yule samaki akachagua hapo kuvuta hewa.

Sauti ilikuwa kama ya mtu anayekunywa uji wa moto. Valère akasali kwa nguvu zaidi. Samaki akapiga mkia. Jiwe likaanguka, ubao ukaruka, maji yakaenda mpaka kwenye viatu vya ssenga. Ssenga akainua kitenge kwa vidole viwili.

Niliona Mubiru amefumba macho. Niliona Benedicte ananitazama mimi, si samaki. Nikajisemea, nimemwua mtoto wangu kwa ndoano.

Mzee akainama. Akauliza polepole nani amemleta. Nikasema mimi, baba, nimemvua mwenyewe. Akauliza kwa nini yuko hai. Mdomo wangu ukafunguka, na ukasema ukweli wenyewe bila kuniuliza: nilitafuta kisu, nikanyimwa.

Nilisahau kwamba Benedicte ndiye alikuwa anatafsiri. Huyo mtoto, Mungu amweke. Kwa Kiganda chake laini akawaambia kwamba mama alipomtambua alikataa kisu kisimguse samaki huyu.

Ssenga akatoa ile sauti ya furaha ya wanawake, nje wakachungulia mpaka watu wa baa. Mzee akavua kofia. Akasema ameoza watoto wengi, hajaona nyumba iliyompokea ndugu yao kwa maji safi na kitenge. Mubiru akafumbua macho. Mimi nikalia, nao wakalia kidogo kwa sababu mimi nalia. Waliona ni upole.

Akeyo akaingia na sinia la ngege. Wakala mpaka mifupa. Wakauliza nani fundi. Ilinibidi nimtaje mbele ya watu. Ameahidi kutonisahaulisha.

Kisha tulikwenda sote Ggaba, beseni mapajani mwa mzee mwenyewe, kwenye kiti cha mbele. Akaingia majini na viatu vyake akamwachilia. Samaki akageuka, akatoa pua, akavuta hewa mara moja, akazama. Ssenga akanishika mkono njia yote ya kurudi. Posa itaendelea. Tarehe watatuma.

Valère ameniambia ameoa mwanamke hatari. Alisema kwa sauti nzuri. Benedicte amelala nyuma ya pazia lake jipya. Nimekaa tu hapa natazama watu wangu wanavyopumua. Asante, Baba wa mbinguni. Asante, baba wa Kalundu.

Jumanne, tarehe 18

Habari njema tena. Mama yake Mubiru, ambaye Jumapili alikuwa na homa, amepona. Anakuja Jumamosi kumwona mkwe wake. Amesema tusijisumbue, chai tu.

Chai tu. Mama mkwe wa mtoto wangu.

Samaki nimeacha. Somo nimelielewa vizuri: samaki, hapana. Samaki ana uso, anakutazama, ni rahisi kuwa ndugu ya mtu. Nimeuliza vizuri safari hii, sijakurupuka. Nimemwuliza Mubiru mama yake yeye ni wa ukoo gani, akasema ni wa senene. Na huu ndio mwezi wa senene, wamejaa kwenye taa kila mahali! Mdudu mdogo wa kukaangwa na kitunguu na chumvi, hawezi kuwa ndugu ya mtu yeyote. Nitamjazia sinia. Nitawakamata kwa mkono wangu, na watakaopungua nitaagiza.

Kwa Akeyo sisemi neno. Tangu Jumapili anatembea kama yeye ndiye aliyeoza.

Nimemtumia ujumbe Nerima, yule rafiki yangu Mkenya anayefanya biashara Masaka, kwenye senene wanene. Nimeandika hivi: Nerima dada, salamu nyingi, sisi wazima sote, nitumie gunia la senene kabla ya Jumamosi, ni kwa ajili ya mama mkwe wa Benedicte, yeye ni wa ukoo wa senene haohao, nataka afurahi. Nijibu upesi sana, mafuta nimeshanunua.