Sauti ya Mataina Ndani ya Sufuria

Jumatatu, 3 Machi
Leo Mungu kaniinua. Binti yangu Mataina, huko Auckland, kasoma kitabu kizima kwa sauti, kwa Kisamoa chetu, watu waweke masikioni wasikilize. Kitabu cha kutisha. Mwanamke anaishi peke yake, marehemu dada yake anamsemesha kutoka nyuma ya mlango. Hajui ni mzimu au ni kichwa chake. Saa saba za sauti ya mwanangu! Kanitumia kwenye simu kabla ya dunia nzima. Kaniapisha: asisikie mtu mpaka kitoke Jumatatu ijayo. Katia saini mkataba. Kikivuja, kazi hana. Nikaapa. Sasa Makerita jirani atuchoshe na mwanawe anayesoma matangazo ya vifo redioni, na mimi wiki nzima ninyamaze? Mimi?

Jumanne, 4
Nimepata njia. Nimekatazwa kuwasikilizisha watu, sijakatazwa kusikiliza nyumbani kwangu. Nyumba ina nguzo tu, haina kuta, kama za wenzangu wote. Si kosa langu. Nikatia simu ndani ya sufuria, sauti ikanenepa. Wanawake wa kamati ya kijiji, na Makerita kati yao, wanasuka mikeka hatua kumi tu kutoka hapo. Sura ya pili, mikono yao ikasimama. Hakuna aliyeuliza kitu. Nikajua ni wivu.

Jumatano, 5
Kitabu kinanitesa. Huyo marehemu anamwita mama yake, na mwanangu analia humo ndani kama anachinjwa. Nimeangusha viazi mara mbili. Makerita akaja, kanyong'onyea, akauliza kama Mataina amerudi. Nikasema hajakanyaga hapa tangu Krismasi. Akashika nguzo. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 6
Jioni kombe la baharini lilipulizwa kuita watu, kijiji kizima kikakaa kwa sala. Nilikimbia kuketi, simu nikaisahau jikoni ndani ya sufuria, inasoma. Tavita, mume wangu, yuko katikati ya sala, nje hata majani hayatikisiki. Sauti ya Mataina ikatoka gizani: “Mama, mbona umeniacha huku peke yangu?”
Makerita akapiga yowe. Akasema alijua tangu juzi, mtoto kafia ugenini, roho yake imerudi nyumbani. Wanawake wakaingia wanalia, wamebeba mikeka ya msiba. Nikapenya jikoni nikaisimamisha simu. Nikisema ukweli, kazi ya mwanangu imekwenda. Nikashika simu ya Tavita, nikasema subirini, nampigia. Hakupokea. Mara nne. Moyo ukaanza kunidanganya hata mimi. Kisha redio ikasema: kwa majonzi makubwa, Mataina binti wa Tavita. Makerita alikwishampigia mwanawe!
Tavita akaegemeza paji la uso kwenye nguzo, mabega yanatikisika. Miaka thelathini sijamwona akilia.
Nikaenda nikaleta sufuria, nikaiweka katikati ya watu, nikaiwasha simu, nikakiri yote.
Makerita akajipangusa pua. “Basi iache iendelee, mke wa Tavita. Tumeshalia. Tujue na huyo wa nyuma ya mlango ni nani.”
Wakakaa mpaka sura ya tisa.

Ijumaa, 7
Mataina kapiga. Alikuwa amezima simu, yuko kazini. “Mama, nimekufa redioni. Shangazi zangu wa huku wameingia ofisini na maua.” Nikalia, nikaomba radhi. Kaenda kwa bosi, kasema ukweli mwenyewe. Hawakumfukuza. Kapewa onyo moja, la mwisho. Kitabu cha pili hatanitumia hata neno. Nikamwambia ana haki, mama amekoma.

Jumapili, 9
Mchungaji kahubiri juu ya ulimi, kanitazama mimi. Sawa. Lakini ibada ilipokwisha, nani kazungukwa na wanawake mlangoni? Si mama wa mtangaza vifo.
Mataina anasema kitabu cha pili atakisoma chumbani kwake mwenyewe, amejifungia. Alhamisi nasafiri. Nakwenda kumpikia tu, mtoto amekonda kwa mawazo. Nitakaa nje ya mlango wake, kimya kabisa, sitamtumia mtu chochote. Makerita kaniazima kinasa sauti cha mwanawe, na kamati imeahirisha mikeka mpaka nirudi.