Dhoruba ya Jua Kashojwa

Ijumaa, 13 Machi 2015. Kashojwa
Habari mbaya. Madam Kellen, mkuu wa ofisi yetu hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, amesema karani mmoja tu atabaki chumba cha redio. Ni mimi au Constantin. Mwingine ataenda Endiinzi, kwa wafugaji, ofisi ya chumba kimoja isiyo na redio. Ataamua Jumatano. Niliinuka kupinga, nikamwaga chai. Mimi nilisoma fizikia Bukavu! Constantin alikuwa akiuza vitenge Uvira. Lazima nibaki. Mpango ninao.

Jumamosi, 14 Machi
Nimefungua spika mbovu na kutoa sumaku. Nimeibandikia kipande cha kioo, nikaining'iniza kwa uzi ndani ya chupa. Tochi inamulika kioo, nukta ya mwanga inatua ukutani. Sumaku ikigeuka, nukta inahama. Nimeiweka ghala la nyuma, mahali patulivu kabisa.

Nilimweleza Constantin, ili ajue anashindana na nani. Jua hupuliza upepo wa chembe zenye umeme. Dunia nayo ni sumaku kubwa, na uga wake hutukinga kama mwavuli. Jua likichafuka, mwavuli hutikisika. Chembe hufuata mistari ya sumaku hadi karibu na ncha za dunia, hugonga hewa ya juu, na anga huwaka kijani na nyekundu. Huku kwetu rangi hatuzioni, ila tabaka la juu linalorudisha mawimbi ya redio huvurugika. Nukta yangu itatangulia kuonya.

Alisikiliza mdomo wazi. "Docteur, mataa mazuri vile, Mungu akaiweka fasi hakuna batu?" Yaani mahali pasipo watu.

Kisha akauliza redio ikivurugika mtu afanye nini. Nikamjibu: ahame masafa, ajaribu mengine mpaka apate yanayopita. Maskini. Hata hakuandika.

Jumatatu, 16 Machi
Nukta imehama! Upana wa kiganja! Nilimkimbilia Madam, nikamwambia redio itakufa kabla ya mchana. Akaniamini. Ujumbe wote wa kwenda ofisi ya Mbarara alipewa Jonan, askari aliyekuwa akirudi kambini huko kwa pikipiki.

Redio haikufa. Ilisikika vizuri kuliko siku zote. Mtu wa Mbarara alisikika hata akitafuna. Madam aliniuliza kama Jonan bado anaweza kurudishwa. Afadhali angenigombeza.

Nikarudi ghalani. Nje ya ukuta, Ashiraf dereva alikuwa akiondoa lori la mahindi. Lori likaenda, nukta ikarudi mahali pake. Chuma kizima, mgongoni mwa sumaku yangu! Leo ni siku ya mgao wa chakula, na ratiba ya mgao niliipiga chapa mimi mwenyewe. Nimeapa: lori halitanidanganya tena.

Jumanne, 17 Machi
Asubuhi nukta ilisogea upana wa ukucha, na haikutulia. Sikudanganyika. Nilitoka nje kutafuta lori. Hakuna. Basi liko mbali, ndiyo maana nukta imesogea kidogo. Sayansi inakubali kabisa.

Mchana redio ilikohoa, kisha ikabaki mvumo mtupu. Madam akaja mlangoni, akaniita bwana kwa lugha ya kwao.

"Ssebo, hii ni jua ama hapana?"

"Hapana, Madam. Ni lori."

Constantin akasema ni jua, docteur alimfundisha. Akahama masafa, akahama tena, akahama tena, mpaka Mbarara ikajibu, kwa mbali kama mtu aliye kisimani. Nilisema ni bahati. Hakuna aliyenisikia, walikuwa wanasikiliza Mbarara.

Jumatano, 18 Machi
Constantin anabaki. Wametangaza kuwa ilikuwa dhoruba kubwa ya jua, na karibu na ncha za dunia watu wameona anga ikiwaka. Kwa hiyo nilitabiri kila kitu isipokuwa siku. Madam alisema kwa upole kwamba nimesoma sana, lakini redio inataka mtu wa kusikiliza. Constantin alinibebea chupa hadi kwenye gari. Alinishukuru kwa masomo. Alimaanisha kweli, na hilo ndilo linalouma.

Jumatatu, 23 Machi. Endiinzi
Mahali pazuri mno! Hakuna malori. Sijui kwa nini sikuomba kuja zamani. Chupa ilivunjika njiani, kwa hiyo nimening'iniza sumaku dirishani, penye nafasi.

Asubuhi hii nukta imeruka ukuta mzima! Dhoruba ya namna hii itazima redio za nchi nzima. Safari hii nimechunguza kwa makini kabla ya kusema. Barabarani hakuna gari, wala baiskeli. Yupo ng'ombe mmoja tu, ameingiza pembe dirishani na anausugua uzi. Lakini pembe si chuma.

Nimemtuma mtu wa bodaboda kwa Madam Kellen. Wazime mitambo yote mara moja.