Mgongo wa Mwanzilishi

Jumatatu, 4 Mei 2026
Ushindi unanukia! Jumamosi institut yetu ya ufundi hapa Butembo inatimiza miaka thelathini na mitano. Mama Victoire, mkurugenzi, amenipa mimi, Zorobabel, mwandikishaji wa wanafunzi, kazi ya kuandika historia ya institut. Mimi, si Kamate wa maktaba, anayekaa chini ya bati linalovuja akiitamani ofisi yangu! Tatizo moja tu: kwenye sherehe waanzilishi watakalia fotei za sebuleni zenye vitambaa vya kufuma, wakuu wa seksio viti vya plastiki, sisi wengine mabenchi. Benchi moja na Kamate? Haiwezekani.

Jumanne, 5 Mei
Nimepata! Picha ya 1991. Masomo yalikuwa bado katika depo ya kahawa. Wazazi wanabeba mawe ya msingi kutoka mtoni. Mmoja amegeuka. Mgongo mpana, mzuri, hauna jina. Nimeuandikia langu. Mwaka ule nilikuwa na miaka sita, lakini nani atauliza mgongo umri?

Jumatano, 6 Mei
Jokébed, anayechapa kijitabu cha sherehe, ameuliza. Anasema kwa sheria zetu mwanzilishi ni mzazi aliyeleta mawe akiwa na miaka isiyopungua thelathini. Nikamwambia aandike thelathini. Shida iko wapi?
Kamate akaingia akipiga kelele: “Mais, huyu ni baba yangu! Mugongo ya baba naijua!” Nikamtaka alete shahidi. Akasoma karatasi ya Jokébed, akahesabu kwa vidole, akatabasamu. Akasema labda amekosea. Akanipa na mkono. Nimemvunja kabisa!

Alhamisi, 7 Mei
Mama Victoire ameniita “Mzee”. Mzee! Akanipa barua ya heshima, nikatia sahihi bila kusoma. Wakubwa hawasomi. Nilipotoka, Kamate alikuwa akipima dirisha la ofisi yangu. Eti mapazia. Wivu mtupu.

Jumamosi, 9 Mei
FOTEI! Laini mno, nilizama mpaka kiunoni. Fanfari ikapiga tarumbeta. Mama Victoire akasoma barua: aliyekuwa na thelathini mwaka 1991 leo ana sitini na mitano, umri wa kustaafu, karatasi imesema, kwa hiyo institut inamshukuru na kumpumzisha. Ofisi anachukua Kamate. Nilishtuka kidogo, nakubali. Lakini umati wote ulisimama kunipigia makofi! Nilipewa mbuzi! Mke wangu Katungu alilia, kwa furaha nadhani, ingawa aliniuliza sasa batoto watakula nini. Nikamwonyesha mbuzi.
Kamate alipiga makofi akiwa kwenye benchi. Benchi!

Jumatatu, 11 Mei
Habari njema kutoka Beni. Institut moja kule inatafuta mwandikishaji kijana, asiyezidi miaka ishirini na mitano. Bahati gani hii! Nilipokuwa nikikusanya vitu vyangu ofisini nilibeba na picha ya wanafunzi wa umeme wa mwaka jana. Mmoja amepanda nguzo, anafunga waya, amegeuka.
Mgongo mzuri sana. Nimeshauandikia jina.